Kabati la Gemu la Mezani: Jinsi ya Kulijenga Ukiwa Lamu

Kabati langu la kwanza la gemu lilikwama kwenye ngazi. Nilikuwa nimelitengeneza la kusimama, refu kama mtu, kwa kufuata picha za makabati ya kumbi za gemu za miaka ya 1980. Nikalimalizia chini uani, nikalipaka rangi, kisha nikaita vijana watatu walipandishe juu. Ngazi za nyumba zetu za mawe hapa Lamu mnazijua: nyembamba, zinakata kona ghafla, na kila kipandio kina kimo chake. Lilipofika kwenye kona halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Ikabidi tung'oe ubavu mmoja pale pale, huku mama mwenye nyumba akiuliza kama tunavunja ukuta wake.

Hata huo ubavu haukuishi. Ulikuwa wa MDF, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Masika yalipoingia ulianza kuvimba kwa chini, ukalainika, ukawa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Ninaloeleza hapa ni la pili. Linakaa juu ya meza, lina kimo cha sentimita 54, uzito wake ni kama kilo 12, na mtu mmoja analikumbatia akaondoka nalo. Limeshashuka barazani, limepanda daka la jirani, limevuka kwa boti kwenda Mokowe, upande wa bara, na kurudi. Na ukiniuliza kazi yake iko wapi, sitakwambia iko kwenye kompyuta. Programu ni shughuli ya jioni moja. Kazi iko kwenye mbao, kwenye paneli ya vitufe, na kwenye kupigana na hewa ya chumvi.

Vya kutafuta kabla ya kushika msumeno

Ubongo wa kabati ni Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani. Toleo la 4, lililotoka 2019, linatosha na kubaki. Ukipata 3B+ ya 2018 kwa bei ya kutupa, chukua, gemu za zamani hazitaki nguvu nyingi. Toleo la 5 lina nguvu kuliko yote hayo, lakini limenyimwa tundu la sauti la milimita 3.5, na kwa kabati kama hili tundu hilo linakupunguzia waya na maudhi. Ongeza memori kadi ya GB 32. Nunua mbili. Sababu utaiona mbele.

Kioo nilichotumia ni monita ya ofisi ya inchi 17, ile ya kizamani iliyokaribia kuwa mraba. Picha yake ni nukta 1280 kwa 1024, uwiano wa 5 kwa 4, na hiyo iko karibu sana na 4 kwa 3 ya vioo ambavyo gemu hizi zilichorewa. Kioo kipana cha leo kitakuachia mapengo meusi mawili ubavuni na kitakulazimisha ujenge kabati pana bila faida. Monita hizi zimejaa kwenye maduka ya vitu vya mitumba kwa sababu maofisi hayazitaki tena. Igeuze uangalie mgongo: unataka matundu manne ya parafujo yaliyoachana milimita 75 au 100. Yakikosekana, irudishe. Nyingi zina tundu la VGA tu, kwa hiyo utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, na kumbuka kwamba Raspberry Pi 4 ina tundu la HDMI lile dogo kabisa.

Kijiti na vitufe huuzwa kama seti: kijiti kimoja, vitufe vinane au kumi, bodi ndogo ya USB na nyaya zake. Agiza vitufe vya kukaza kwa nati, usiagize vile vya kubana kwa masikio ya plastiki. Vya masikio vimekusudiwa paneli ya bati au plastiki nyembamba. Kwenye mbao ya milimita 12 masikio hayafiki upande wa pili, na mtoto akicheza kwa hasira kitufe kinatoka na kidole chake.

Sauti: amplifaya ya PAM8403, bodi ndogo kama stempu, inayokula volti 5 na kutoa wati 3 kila upande, na spika mbili za inchi 2. Mbao: plaiwudi ya marini, ile ya kustahimili maji, ya milimita 12, nusu karatasi, yaani futi 4 kwa 4. Ukipanga vipande vizuri inatosha yote. Mafundi wa boti wanaijua plaiwudi hii na mara nyingi wana vipande vilivyobaki. Mimi changu nilikipata hivyo, kwa bei ya maongezi.

Vya umeme viliagizwa Mombasa, vikaja kwa basi hadi Mokowe, vikavuka kwa boti. Ushauri wangu hapo ni mmoja tu: monita izungushie turubai hata kama bahari imelala kama mafuta. Rasha moja ya maji ya chumvi ikiingia kwenye matundu ya hewa ya mgongo, huna monita.

Boksi kwanza

Chukua boksi la friji au la televisheni, ulikate kabati zima kwa kisu, uliunge kwa tepu. Usiruke hatua hii, tafadhali. Mimi niliiruka mara ya kwanza na nimeshakwambia lilikwama wapi.

Kabati la boksi liweke kwenye meza utakayotumia, keti kwenye kiti utakachokalia, uweke viganja kwenye paneli. Viwiko vinaning'inia? Meza ni ndefu au paneli iko juu mno. Shingo inainama? Ongeza mlalo wa kioo. Mwite mtoto wa miaka minane akae, kisha umwite mtu mzima. Mimi nilimwita ami yangu, fundi seremala wa miaka mingi, akakaa mbele ya boksi kwa heshima zote kama anayesubiri chai, akasema, "Mwanangu, hapa mkono unakosa pa kulala." Alikuwa sahihi. Paneli ilikuwa na kina cha sentimita 14. Tuliifanya 20, na tofauti ni kama ya kukaa kwenye kigoda na kukaa kwenye kiti.

Boksi pia ndilo linalokwambia kama wachezaji wawili wataenea. Kwa upana wa ndani wa sentimita 40, hawaenei. Watagombana viwiko kabla ya kugombana kwenye gemu. Weka kijiti kimoja, halafu toboa tundu la USB mbele ili mchezaji wa pili achomeke kipadi chake cha mkononi. Wapo watakaokwambia kabati bila vijiti viwili si kabati. Waache wajenge lao.

Kukata ubavu

Laza plaiwudi, kona ya chini kushoto iwe ndiyo mbele ya kabati. Vipimo vyote ni vya sentimita.

1. Kutoka kona hiyo pima 42 kwenda kulia. Hicho ni kitako. Mwisho wake panda wima 54.
2. Ukiwa juu, rudi kushoto 18, kisha shuka 8. Hapo patakaa ubao wa jina.
3. Rudi kona ya mwanzo. Panda 8, tia alama.
4. Tia alama ya pili: 20 kutoka mbele, 11.5 kutoka chini. Unganisha na ya kwanza. Umepata paneli yenye mwinuko wa digrii 10.
5. Alama ya tatu: 31 kutoka mbele, 42.5 kutoka chini. Unganisha na ya pili. Huo ni uso wa kioo, umelala nyuma karibu digrii 20.
6. Unganisha alama ya tatu na sehemu ya chini ya ubao wa jina. Hapo ndipo spika zitakapoangalia chini, zimsemeze mchezaji usoni.

Uso wa kioo unatoka na urefu wa kama 33. Monita yangu ina kimo cha 32. Yako ipime kwanza, na ikiwa ndefu zaidi sogeza alama ya tatu juu, pamoja na kimo cha kabati.

Kata ubavu mmoja kwa msumeno wa jigso, taratibu, nje kidogo ya mstari, kisha usawazishe kwa randa na msasa. Usichore wa pili. Ulaze wa kwanza juu ya kipande cha pili, ubane kwa jiriwa, ukate kwa kuufuata. Zikishakatwa, zibane pamoja tena na uzipige msasa kama mbao moja. Bavu mbili zikitofautiana hata milimita 3, kabati litasimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Vipande vingine vyote vina upana mmoja wa 40: kitako, mlango wa nyuma, kifuniko, paneli, ubao wa jina, ubao wa mbele na ule wa spika. Kwa kuunga nilitumia vijiti vya mbao vya milimita 20 kwa 20, vikitiwa gundi na kukazwa kwa ndani ya bavu. Parafujo ya milimita 25 inapita kwenye kijiti na kuingia milimita 5 tu kwenye ubavu, kwa hiyo nje haionekani hata moja. Zichague za chuma kisichoshika kutu au za shaba. Za kawaida zitalia machozi ya kutu kwenye rangi yako kabla mwaka haujaisha.

Mlango wa nyuma uache kwa bawaba mbili na kitasa kidogo. Utaufungua mara nyingi kuliko unavyodhani.

Paneli ya vitufe

Hapa ndipo nilipokaa siku mbili, na hapa ndipo kabati hupendwa au huchukiwa.

Anza kwa kupima vitufe vyako kwa rula, usiamini maandishi ya dukani. Vya kuchezea kwa kawaida vinataka tundu la milimita 28 au 30, na vidogo vya kuanzia gemu milimita 24. Tundu likizidi kwa milimita 2 kitufe kinatikisika; likipungua utalipanua kwa tupa na kulichubua.

Mpangilio wangu: katikati ya kijiti iko sentimita 10 kutoka ukingo wa kushoto. Kutoka hapo hadi kitufe cha kwanza ni sentimita 9. Vitufe sita viko katika safu mbili za vitatu, na vituo vyao vimeachana milimita 36. Usivipange kwenye mstari ulionyooka. Laza kiganja chako cha kulia kwenye karatasi, vidole vikiwa vimelegea, utie nukta kila ncha inapogusa. Utaona kidole cha kati kinatangulia, cha shahada kimerudi kidogo. Fuata upinde huo. Mkono haukuumbwa kwa rula.

Bandika karatasi yenye nukta juu ya paneli, piga kila nukta kwa msumari ili keekee isiteleze, kisha toboa kutoka upande wa juu huku umebana kipande cha mbao chakavu kwa chini. Bila hicho kipande, keekee ikitokeza upande wa pili inapasua ngozi ya plaiwudi na kuacha tundu lenye meno.

Sasa kijiti. Tatizo lake halitajwi kwenye boksi la seti: mti wake ni mfupi. Ukikifunga chini ya mbao ya milimita 12, juu kinabaki kichwa tu na shingo kidogo, na mchezaji atakuwa anakichezea kwa kucha. Dawa ni kuchimba shimo la mraba kwa chini ya paneli, saizi ya bati la kijiti, hadi mbao ibaki milimita 5.

Nilitaka kulichimba kwa mashine. Ami akanipokonya kazi. Alichora mraba kwa guni, akapitisha kisu kwenye mistari mara tatu ili nyuzi za juu zikatike, kisha akaanza na patasi pana, mgongo wa patasi ukiangalia nje, akiondoa maganda membamba kama ya vitunguu. Kila baada ya dakika moja alikuwa akitumbukiza rula shimoni na kuisoma kwa kidole, si kwa macho. Tabaka za plaiwudi zinapishana, moja nyeusi moja nyeupe, na alipofika kwenye tabaka aliyoitaka rangi ikabadilika sakafu nzima mara moja, sawasawa kama zulia. "Kuchimba bawaba ya mlango wa mbambakofi ni kazi," akasema. "Hii ni siagi." Kwangu ilikuwa siagi iliyonila vidole viwili nilipojaribu mwenyewe kona ya mwisho. Patasi iwe kali. Butu ndiyo inayokata mtu.

Parafujo nne za kufunga bati la kijiti zisizidi milimita 4 ndani ya mbao iliyobaki. Pima. Nimeona paneli nzuri iliyotobolewa na ncha nne za parafujo.

Jambo moja zaidi kuhusu kijiti: angalia kama chini kina bamba la kuzungusha la kuchagua njia 4 au 8, yaani bila mshazari au pamoja na mshazari. Pac-Man, iliyotoka Japani 1980, inataka njia 4 tu. Ukiicheza kwa njia 8 kijiti kinaingia kwenye mshazari na yule jamaa wa manjano anasimama kwenye kona akisubiri kuliwa. Street Fighter II ya 1991 haichezeki bila njia 8. Chagua kulingana na unachopenda, au uweke bamba mahali unapoweza kulifikia.

Nyaya

Kila kitufe kina nyaya mbili zinazokwenda kwenye bodi ya USB. Kwa vitufe visivyo na taa, haijalishi upi uko wapi. Vyenye taa vina nyaya zaidi na hapo fuata alama.

Kijiti ndicho kinachowachanganya watu. Kina swichi nne ndogo, moja kila upande. Ukisukuma kichwa juu, mkia wake wa chini unakwenda upande wa pili na kubonyeza swichi iliyoko chini. Kwa hiyo swichi ya "juu" ni ile iliyo karibu na tumbo lako. Vivyo hivyo kushoto na kulia. Mara ya kwanza niliviunga kama macho yalivyoniambia, nikawasha, na kila kitu kilikwenda kinyume. Mpwa wangu akacheza hivyo hivyo nusu saa na akashinda. Watoto hawa.

Kwenye amplifaya, usiunganishe pamoja nyaya hasi za spika mbili. PAM8403 haitumii hasi ya pamoja, na ukizigusanisha utaiua. Kila spika iende na jozi yake. Na umeme wa amplifaya uutoe kwenye chaja yake mwenyewe. Ukiuchota kwenye USB ya Raspberry Pi, spika zitavuma kama mbu sikioni kila picha inapobadilika.

Ukishajaribu na kila kitu kinafanya kazi, paka mafuta mazito ya vaselini kwenye kila ncha ya waya inayochomekwa. Kidogo tu, kwa kijiti cha meno. Shaba ikikaa wazi kwenye hewa ya bahari inaota kutu ya kijani, na kitufe kinaanza kugoma siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ugonjwa huo unasumbua kuutafuta kuliko waya uliokatika.

Kioo

Usiifungue monita. Ndani ya zile za zamani mna sehemu zinazobeba umeme mkali kwa ajili ya taa za nyuma, na kapasita hubaki na umeme hata ukishachomoa. Toa mguu wake tu. Weka ubao wa kukingama ndani ya kabati, utoboe matundu manne yanayolingana na ya mgongo wa monita, ufunge kwa parafujo za M4. Ukingo wake ufiche kwa fremu ya plastiki nyeusi au kadibodi ngumu. Kabla ya kufunga, hakikisha vibonye vya kuwasha monita vinafikika, la sivyo utakuwa unafungua mlango wa nyuma kila jioni.

Rangi, na kwa nini kingo ndizo adui

Plaiwudi hainywi maji usoni, inanywa kwenye kingo, pale tabaka zinapoonekana. Mafundi wa majahazi wanapokalafati, hawahangaiki na katikati ya ubao, wanahangaika na maungio. Fuata akili hiyo. Piga msasa namba 120, kisha 240. Changanya gundi ya mbao na maji kidogo, upake kingo zote, pamoja na ndani ya matundu ya vitufe. Ikikauka piga msasa tena, upake tena. Halafu prima, halafu rangi ya mafuta mikono miwili, ukiacha siku nzima kati ya mkono na mkono. Kipindi cha unyevu acha siku mbili. Kitako kipake kwa chini pia, na ukipigilie vipande vinne vya mpira wa ndala ili kisiguse meza yenye maji.

Vanishi kwenye paneli inateleza jasho likitoka. Mimi niliiacha rangi isiyong'aa.

Ubao wa jina ami aliuchukua akaondoka nao. Akaurudisha baada ya wiki una nakshi ya waridi kama la fremu ya mlango, limetobolewa ili taa ipite. Nyuma yake nimebandika utepe wa taa za volti 5. Wazungu wanaopita hunipa bei ya ubao ule, si ya kabati.

Umeme

Monita inakula kama wati 30, Raspberry Pi chini ya 10. Kabati zima halifiki balbu moja ya zamani ya wati 60, kwa hiyo hata inveta ndogo ya sola inalibeba. Ndani weka soketi moja ya kugawa, iliyofungwa kwenye ubavu na si kuachwa chini, na waya mmoja wa nje. Kwenye plagi toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3.

Chaja ya Raspberry Pi 4 iwe ya volti 5 na ampea 3, ya kweli. Chaja ya simu itawasha, halafu utaona alama ya radi ya manjano kwenye kona ya kioo. Maana yake umeme hautoshi, na gemu itakwamakwama.

Toboa matundu ya hewa juu ya mlango wa nyuma na mengine karibu na kitako, ili joto lipande litoke. Raspberry Pi 4 ikifika digrii 80 inajipunguzia kasi yenyewe. Feni ndogo inasaidia. Matundu yote yazibe kwa wavu wa dirisha. Sisemi hivi kwa ajili ya vumbi tu: mjusi kafiri anapenda mahali penye joto, na mmoja alikwenda kulala juu ya soketi yangu akazima nyumba nzima. Yeye pia.

Programu na gemu

Kwa Raspberry Pi 3 au 4 tumia RetroPie, mfumo wa kuchezesha gemu za zamani. Kwa 5, tumia Batocera, wa aina hiyo hiyo. Pakua faili kwenye kompyuta, uiandike kwenye memori kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager, uchomeke kadi, uwashe. Ikishawaka itaiona bodi ya USB kama kipadi na kukuambia ushikilie kitufe. Kisha inauliza kitufe kimoja kimoja. Usichokuwa nacho, shikilia chochote hadi iruke. Kitufe cha sarafu kiweke kuwa "Select", cha kuanza kiwe "Start", na ukivibonyeza pamoja unatoka kwenye gemu. Watoto, kwa taarifa yako, wanakipenda kile cha sarafu kuliko vyote. Wanakibonyeza mara arobaini kwa furaha ya mtu anayetumia pesa zisizo zake.

Kuhamisha gemu kwenye RetroPie, tengeneza folda iitwayo "retropie" kwenye flashi tupu, uichomeke kwenye kabati, usubiri itulie, uirudishe kwenye kompyuta. Utakuta folda zimejipanga ndani, uweke faili mahali pake.

Faili zenyewe uzipate wapi? Nyingi zinazozagaa mtandaoni bado zina wenyewe, hata kama gemu ina umri wa baba yako. Pa kuanzia pasipo na lawama ni tovuti ya MAME, mradi ulioanza 1997 wa kuzihifadhi mashine hizi kwa programu inayoziiga. Mle mna gemu kadhaa ambazo wenye haki waliruhusu zigawiwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, zikiwemo Gridlee na Robby Roto. Faili lazima lilingane na toleo la MAME lililomo kwenye kabati. Likigoma, badili toleo kwenye menyu ya gemu hiyo kabla ya kudhani limeharibika.

Na sasa ile kadi ya pili. Stima ikikatika katikati ya gemu, mara tisa hakuna kitu. Mara ya kumi kadi inavurugika na kabati haliwaki. Wafundishe wa nyumbani kuzima kwa menyu, lakini usitegemee. Ukishamaliza kupanga kila kitu kama unavyotaka, nakili kadi nzima kwenye ile ya pili, uijaribu kama inawaka, kisha uihifadhi. Yangu iko ndani ya kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kukaza, pamoja na punje chache za mchele za kunywa unyevu, nimekibandika kwa tepu ndani ya mlango wa nyuma. Kimeshafunguliwa mara mbili. Mara ya pili alikifungua mpwa wangu mwenyewe mimi nikiwa msikitini, na niliporudi nikamkuta ami ameketi mbele ya kioo, kofia imesogezwa nyuma, anauliza kwa nini hawa wadudu hawaishi.